Neli ya Nne Iligeuka Kijani

Ninyi walimu vijana mnaopita hapa kwangu Nyegezi kunisalimia, mkishatoa shikamoo na kuitikiwa, swali lenu huwa ni moja: tuwafanyeje wanafunzi waelewe pH? Mnalitoa mkiwa bado mmesimama mlangoni, maana mna haraka ya basi. Hakuna anayeniuliza kazi yenyewe ilikuwaje. Leo nitawajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu nina wakati mwingi kuliko watu wa kuutumia nao, na kwa sababu kwangu mambo hayo mawili yalifungwa fundo moja zamani sana.

Msianze na logi. Mkianza na logi mmeshapoteza nusu ya darasa, na nusu iliyobaki inawaangalia kwa adabu tu. Anzeni na kikombe. Kikombe kimoja cha asidi, vikombe tisa vya maji, jumla kumi. Nguvu imepungua mara kumi na pH imepanda hatua moja: ilikuwa moja, sasa ni mbili. Chukua kikombe kimoja cha hiyo mpya, tia tena tisa vya maji, sasa ni tatu. Mtoto akishaziona hatua hizo kwa macho yake, ndipo umpe kitabu cha logi akathibitishe. Na mkae chonjo na kosa la tisa na kumi. Mwanafunzi akisikia "mara kumi" anamimina vikombe kumi vya maji, jumla inakuwa kumi na moja. Karatasi ya rangi, ile inayobadilika rangi kufuata pH, itamfichia kosa hilo, lakini bureti, ule mrija mrefu wenye mistari ya vipimo, haitamfichia. Mimi mwenyewe nililifanya mwaka wangu wa kwanza kazini, mbele ya darasa, na nikailaumu bureti.

Asidi ya salfa, ile ya kwenye betri za magari, nayo ina mtego wake. Kila chembe inatoa haidrojeni mbili, kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu cha logi lazima uzidishe kwa mbili. Wanafunzi wanasahau. Nilikuwa nawaambia waandike namba mbili kwenye kiganja cha mkono kabla ya mtihani wa darasani, mpaka mkuu wa shule akawakuta watoto thelathini na namba viganjani, akadhani wameibiana majibu. Ikabidi niitwe nieleze.

Ila swali nililolipenda kuliko yote ni hili, nalo lichukueni bure. Una asidi ya haidrokloriki, umeipunguza kwa maji mpaka imebaki kumi kwa kipeo cha hasi nane. pH yake ni ngapi? Darasa zima litajibu nane, kwa sauti, kwa furaha. Waacheni wafurahi kidogo. Halafu waulizeni: kwa hiyo asidi ukiitia maji mengi inageuka besi? Ndimu ukiikamulia kwenye pipa la maji inageuka magadi? Hapo ndipo mnawaeleza kwamba maji nayo yana haidrojeni yake kidogo, ambayo hatukuihesabu wakati asidi ilikuwa nyingi, na sasa ni lazima tuihesabu. Ukijumlisha zote, jibu ni chini ya saba, ile ya maji matupu, kwa unywele tu. Asidi inayopunguzwa kwa maji safi itaisogelea saba bila mwisho, na haitaivuka. Niliyasema maneno hayo kila mwaka, na siku nilipotakiwa kuyakumbuka mimi mwenyewe sikuyakumbuka.

Shule sitaitaja. Ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Magu, na kutoka dirisha la maabara ziwa lilionekana kipande. Mimi mtu wa Ukerewe, mjini sikuwa na ndugu. Mume sikuwa naye wala hakuja baadaye. Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, maduka ya Mwanza yamejaa redio na sabuni za kila rangi, lakini kwenye stoo yetu chupa zilikuwa zinapungua na hakuna aliyezijaza. Walimu nao walipungua. Wa fizikia alikwenda kupima maji ya barafu katika kiwanda cha minofu ya sangara. Wa baiolojia alifungua tuisheni. Wa hisabati aliaga Ijumaa moja kwamba anakwenda kumwona mama yake, na tukasikia ameonekana Kigongo akisubiri kivuko, na godoro lake kichwani. Sayansi yote ya shule ile ikabaki kwangu na kwa mhudumu wa maabara, Mzee Bwire.

Mzee Bwire alikuwa Mjita, mtu wa pwani ya ziwa upande wa Mara. Umri wake ulitosha kuwa baba yangu. Shule aliishia darasa la nne, lakini chuo nilichosoma mimi hakikunifundisha nusu ya aliyonifundisha yeye. Alinifundisha kuandika karatasi ya jina na kuibandika kwenye chupa kabla ya kumimina, kwa sababu ukimimina kwanza unaitwa mlangoni na ukirudi hujui tena ulichomimina. Alinifundisha kutonyonya pipeti kwa mdomo, kwa kunionyesha jino lake moja lililoliwa na asidi. Na kila nilipotaka kupunguza asidi kali, alisimama begani kwangu.

"Porepore, Mwarimu. Asidi ndiyo inaingia kwenye maji. Siyo maji kwenye asidi. Wewe ukiimwagia maji itakurukia."

Aliniita Mwarimu kwa ulimi wa kwao, nami nililipenda jina hilo kuliko langu la ubatizo. Saa nne asubuhi tulikunywa chai ya rangi katika chumba cha maandalizi, yeye juu ya boksi la chupa, mimi kwenye kiti. Wiki nyingine, ukiondoa wanafunzi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote na binadamu mwingine.

Sasa habari ya maji. Mtambo wetu wa kuchemsha maji na kuyarudisha safi kutoka kwenye mvuke ulikuwa umekufa, na kipuri hakikupatikana. Mzee Bwire akaanza kukinga mvua. Siyo kukinga tu kama mnavyokinga nyumbani. Mvua ya kwanza ya msimu aliiacha ioshe bati. Ya pili aliiacha ioshe mfereji. Ya tatu ndiyo aliyoikinga, akaichuja kwa pamba na kuihifadhi katika madumu makubwa ya kioo, akaandika MVUA kwa chaki. Kila alipochota aliweka mstari wa chaki pale maji yalipofikia, na tarehe pembeni. Madumu yale yalituvusha kiangazi chote, kwa majaribio na kwa mitihani. Nilimtania kwamba anayalinda kama mahari ya binti yake. Yeye alicheka akaendelea kuchora mistari yake.

Mwaka huo, Septemba, alifiwa na kaka yake akaenda Majita kuzika. Wiki hiyohiyo tukaarifiwa kwamba mkaguzi wa shule anakuja na atakaa ndani ya kipindi changu. Niliamua kuonyesha hatua za pH: neli tano za majaribio, vile vibomba vyembamba vya kioo, kila moja ikiwa imepunguzwa mara kumi kuliko iliyotangulia, wanafunzi wapige hesabu kwanza, halafu tupime kwa karatasi ya rangi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Somo zuri, halina pa kukosea. Nilipoangalia dumu la mwisho nikakuta maji yamebaki robo. Makundi yalikuwa manane. Nikafungua bomba, nikalijaza dumu mpaka shingoni.

Hata sikufikiri mara mbili. Maji ya bomba yalikuwa meupe, yanang'aa. Sikubandika karatasi, sikuchora mstari, sikumwambia mtu. Mzee Bwire alirudi jioni ya siku iliyotangulia ukaguzi, amechoka, macho mekundu. Nikampa pole ya msiba, nikamwomba apange vifaa. Habari ya maji ilikuwa imeshanitoka kichwani kabisa.

Mkaguzi alikaa nyuma, na mkuu wa shule pembeni yake. Wanafunzi arobaini. Hesabu zilikwenda vizuri, nilijisikia raha hata nikafanya mzaha. Tukaanza kupima. Neli ya kwanza, nyekundu, moja. Ya pili, mbili. Ya tatu ilitakiwa kuwa tatu, ikasogea kidogo kuelekea nne. Ya nne ilitakiwa kuwa nne, yaani rangi ya chungwa. Ikageuka kijani, saba kamili. Ya tano ikaanza kuwa na bluu: nane. Makundi yote manane.

Mkaguzi alisimama akaja mpaka kwenye meza. "Mwalimu, asidi yenu hii ni nzima?"

Mnajua jasho la mwalimu mbele ya mkaguzi. Wakati huo kulikuwa na uvumi kwamba kemikali za mashule zinauzwa kwa masonara wa mjini, maana biashara ya dhahabu ilikuwa imefunguliwa na kila mtu anatafuta asidi ya kuisafishia. Uvumi huo ulikuwa umenikaa masikioni. Nikageuka, nikamwangalia mtu pekee niliyekuwa naye duniani, na nikasema kwa sauti ya kusikika darasa zima: "Muulizeni Mzee Bwire. Ndiye anayekaa na funguo za stoo. Huenda chupa imetiwa maji."

Mzee Bwire alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Aliniangalia. Kisha akaangalia dumu lililokuwa kwenye kona, akaliangalia kwa muda, akanirudia tena mimi. Nilidhani anatafuta la kujitetea.

"Haya," alisema. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza mbele ya mkuu wa shule, akatoka.

Hapo hapo ningeweza kumfuata, ni hatua kumi tu mpaka chumba cha maandalizi. Nilibaki nimalizie kipindi. Mkuu wa shule alimsimamisha kazi siku hiyohiyo, na wiki mbili baadaye, serikali ilipokuwa inapunguza wafanyakazi, jina lake likawekwa la kwanza kwenye orodha ya shule yetu. Aliondoka na basi la Musoma bila kuniaga. Nilijiambia kwamba mwenye hatia ndivyo anavyoondoka.

Daftari za ripoti nilizikusanya, lakini nilichelewa kuzisahihisha. Nilikuwa sina moyo. Saa nne ikifika nilichemsha chai nikainywa nimesimama, kwa sababu nikikaa kwenye kiti nilikuwa naliangalia boksi la chupa. Mwezi ulipoisha ndipo nilipokaa na kalamu nyekundu. Wote waliandika nilichosema: asidi ilitiwa maji. Wote nikawapa vema. Nikafika kwa Nyamizi, binti mmoja mpole wa Kisukuma ambaye darasani usingejua kama yupo. Yeye aliandika jibu tofauti, na nilishamwekea kosa kabla sijamaliza kusoma.

Aliandika hivi: "Asidi ikiwa imetiwa maji, neli zote zinakosea sawasawa, kuanzia ya kwanza. Ili ya nne isome saba kwa sababu ya asidi dhaifu, ya kwanza ingetakiwa kusoma nne. Ilisoma moja. Pia ya tano ilisoma nane, na mwalimu alitufundisha kwamba asidi haivuki saba kwa maji safi. Kwa hiyo chupa ya asidi ni nzima. Kosa liko kwenye maji."

Nilishika kitabu cha logi, kana kwamba kitanisaidia. Nikafanya hesabu ambayo ningeweza kuifanya siku ile kwa kichwa, kwa muda wa kupumua mara tatu. Chupa ikitiwa maji nusu kwa nusu, neli ya kwanza inasoma moja nukta tatu, ya pili mbili nukta tatu, ya tatu tatu nukta tatu, na ya nne nne nukta tatu. Hatua ni zilezile. Wizi wa asidi usingeweza kuifanya neli ya nne kuwa ya kijani. Nikakumbuka bomba, nikakumbuka dumu nililojaza mpaka shingoni. Maji ya bomba yanatoka ziwani, na ziwa letu lina chumvichumvi za jamii ya magadi. Ni kidogo, asidi yenye nguvu haishughulishwi nazo. Lakini asidi ikishapunguzwa sana, magadi yale yanaimaliza yote na kubaki na ya ziada. Nililia palepale juu ya daftari la Nyamizi, wino ukachanganyika. Kosa nililomwekea nikalifuta, nikaandika vema, na chini yake nikaandika asante. Hakuelewa ni asante ya nini mpaka baadaye.

Jumamosi hiyo nilipanda basi la Musoma. Nikashuka njiani, nikapanda pikapu iliyobeba mihogo mpaka kwao. Nilimkuta ameketi uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mzee Bwire."

"Marahaba, Mwarimu. Karibu. Umekura?"

Mkewe alileta ugali na samaki. Hakuniruhusu kusema lolote mpaka nimemaliza kula na kunawa. Kisha nikamwambia yote: maji ya bomba, dumu, hesabu, Nyamizi. Nikamwomba radhi. Nilipiga magoti.

"Nirijua," alisema.

"Ulijua?"

"Maji yaripanda juu ya mstari wangu. Na mvua haikunyesha. Niriona siku ireire, nimesimama mrangoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme mbere ya mkaguzi kwamba ni wewe? Nirikwenda chumba cha chai, nikakungoja. Nikasema atakuja, ataniuriza. Nikangoja mpaka kengere ya mchana. Hukuja, Mwarimu."

Nikasema tena nisamehe. Akaendelea kupukuchua mahindi, punje zikidondoka kwenye ungo, na kuku wamejaa miguuni petu.

"Urinisema mbere ya watu arobaini," alisema bila hasira. "Radhi unaniomba mbere ya kuku."

Nilirudi Mwanza na maneno hayo. Jumatatu asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, nilimwomba mkuu wa shule dakika mbili. Alidhani ni tangazo la mitihani. Nikasimama mbele ya shule nzima nikaeleza nilichofanya: maji niliyaharibu mimi, asidi haikuguswa, Mzee Bwire hakuiba hata tone, na aliyegundua ni mwanafunzi wa kidato cha nne, siyo mimi. Mkuu wa shule alinivuta pembeni. "Umejivua nguo mwenyewe, mwalimu. Na yeye ameshapunguzwa, harudi." Niliandika mambo hayohayo kwa barua, nakala kwa mkaguzi, na nyingine nikampa kondakta wa basi la Musoma aipeleke Majita.

Baada ya hapo walimu wenzangu walinisalimia vizuri tu, lakini chai walikwenda kunywa kwingine. Sikuwalaumu. Nani akae meza moja na mtu anayeweza kukugeuzia kidole namna ile? Mhudumu mwingine hakuajiriwa. Miaka yote iliyobaki mpaka nastaafu nilikinga mvua mwenyewe, niliacha mbili zioshe bati na mfereji, na nilichora mistari ya chaki mwenyewe. Nyamizi alifaulu akaenda zake, kama inavyotakiwa. Maabara ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo, vijana wangu, majibu yakikataa kukaa pamoja na hesabu, pigeni hesabu nyingine kabla ya kumtazama mtu. Jiulizeni: kama ninayemshuku ndiye kweli, neli ya kwanza ingesomaje? Na kama mna mtu anayewangoja kwenye chumba cha chai, acheni kipindi, nendeni. Mkaguzi atasubiri.

Barua yangu ilijibiwa baada ya miezi mitatu, kwa mkono wa kondakta yuleyule. Mwandiko ulikuwa wa mjukuu, maneno ya mzee. "Barua yako imesomwa kanisani baada ya ibada, watu wote wamesikia. Asante kwa hilo. Sasa nimeanza kukusamehe, Mwalimu. Itachukua muda."

Nilifurahi, nikaona nisimharakishe. Kila likizo nilifunga mzigo wa kwenda Majita, kila likizo nikaufungua, nikisema nimpe muda wake. Nikampa miaka sita. Kisha kondakta akaniletea habari ya msiba wake, na ilikuwa wiki ya pili tangu azikwe. Hakuwa amewahi kuniambia kama alimaliza.